Mtoto anabaki na nani? Kisa cha mabinti waliorudi kusoma kupitia FDC

Tukiongea elimu na ajira hapa Tanzania tunaongea mitaala, vyeti, mikopo, ila kuna swali moja huwa halifiki mezani na ndo limebeba hiki kisa chote: mama akiingia darasani, mtoto anabaki na nani?

Kisa chenyewe kiko hivi. Binti ana miaka 17, alipata mimba akiwa form two, shule ikamuondoa, kajifungua, mtoto sasa ana miezi minane, yuko nyumbani kwa mama yake kijijini, asubuhi anachoma maandazi, mchana shambani, jioni maji. Aliyempa mimba hayupo kwenye picha. Binti anataka kusoma, hajui asome nini wala wapi, lakini anataka. Na kilomita chache kutoka hapo kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, hivi vyuo tunavyoviita FDC, geti lipo wazi. Simsemi mtu mmoja hapa, nasema hali ambayo yeyote aliyeishi wilayani miaka hiyo ya 2017 mpaka 2021 ameiona kwa macho yake, kama sio kwa jirani basi nyumbani kwake.

Kwanini miaka hiyo? Kwa sababu mlango wa shule ya kawaida ulikuwa umefungwa kabisa. Kanuni za elimu za 2002 tayari zilikuwa zinaruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la maadili au kwa kuolewa, na mimba ikawa inawekwa humo humo, afu Juni 22, 2017 Rais Magufuli akiwa Chalinze akatamka hadharani kwamba kwenye utawala wake binti akizaa harudi shuleni. Baada ya hapo hata mwalimu mkuu mwenye huruma hakuwa na pa kusimamia. Na hawa mabinti sio wachache jamani, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 19 wameshaanza kuzaa, yani wamezaa au ni wajawazito, zaidi ya mmoja katika kila wanne. Sio wote waliotolewa shuleni kwa ajili ya hiyo mimba, wengine walikuwa wameshaacha, lakini ukiwa na kundi kubwa hivyo halafu njia ya kurudi haipo, hasara hiyo hailipwi na binti peke yake, inalipwa na wilaya nzima.

Sasa FDC zilikuwaje wazi? Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, na hii historia naipenda sana kwa hiyo mnivumilie.

Hizi taasisi zilianzishwa 1975. Mwalimu Nyerere alivutiwa na vyuo vya watu vya Sweden, ambavyo navyo mizizi yake ni Denmark kwenye mawazo ya mchungaji mmoja anaitwa Grundtvig, chuo cha kwanza kikafunguliwa Rødding 1844, Sweden wakafuata 1868. Wazo lenyewe ni rahisi: mkulima mzima, mwanamke mzima, aliyekosa shule au aliyeishia njiani, awe na mahali karibu na kwake pa kujifunza bila kuanza na swali la ulipata division ngapi. Kwetu likaingia wakati muafaka, Elimu ya Kujitegemea ilikuwa ya 1967, mwaka 1970 ukatangazwa mwaka wa elimu ya watu wazima, watu wanajifunza kusoma chini ya miembe, sasa hao waliokwisha kujua kusoma waende wapi? Ndo FDC. Serikali ya kijiji inamchagua mtu, anaenda chuoni anajifunza useremala au uashi au ufugaji au mapishi, anarudi kijijini kwake. Ule mpango wa kurudi ulikuwa ndo roho ya kitu chote. Majengo mengi hayakuwa mapya, yalikuwa vituo vya zamani vya mafunzo vijijini, na Dar es Salaam pale Arnautoglu karibu na Mnazi Mmoja ulikuwa ukumbi wa jamii tangu enzi za ukoloni.

Vyuo vikafika 54 nchi nzima. Newala kipo, Kasulu kipo, Tarime, Urambo, Ifakara, Handeni, Kilwa Masoko, Bigwa pale Morogoro, Njombe, Same, na nyingi ni sehemu ambazo chuo kikuu hakijafika. Halafu uchumi ukayumba miaka ya 80, msaada wa Sweden nao ukapungua baadaye, vyuo vikahamishwa kutoka wizara ya elimu kwenda wizara ya maendeleo ya jamii, na mwishoni mwa miaka ya 2010 vikarudishwa tena elimu. Ukihama nyumba mara mbili kuna vyombo vinavunjika. Karakana zikabaki na cherehani za zamani, paa zinavuja, na mtaani chuo kikapewa sifa ya kuwa sehemu ya waliofeli. Hiyo sifa imetuumiza kuliko hata paa linalovuja kwa kweli.

Lakini kitu kimoja hakikupotea. FDC haikuwa shule ya sekondari, haikuwa na kanuni ya kumuuliza mtu tumbo lako lina nini. Unakuja, unajiandikisha kozi, unasoma. Kwa hiyo wakati mlango wa shule ya kawaida umefungwa, binti wetu wa kisa hiki alikuwa na mlango uliokuwa wazi na uko wilayani kwake.

Tatizo ni mtoto. Wa miezi minane ananyonya. Bibi yake ana shamba na ana watoto wengine wadogo wa kwake, siku mbili tatu atakaa naye, wiki ya pili atachoka, wiki ya tatu binti anaacha chuo na kila mtu anasema si unaona, hawa hata ukiwapa nafasi hawataki. Mimi nimesikia hiyo kauli mara nyingi mno tangu nakua, nimekulia karibu na chuo kimoja cha hivi, na kila nikiikumbuka naona aibu kwamba hakuna aliyekuwa anauliza mtoto alikuwa wapi.

Aliyeuliza ni shirika la KTO, kirefu chake Karibu Tanzania Organization, ambalo lina miaka mingi linafanya kazi na hivi vyuo. Wakaja na programu inaitwa Elimu Haina Mwisho, ikafadhiliwa na Mastercard Foundation, ikapita kwenye FDC zote. Binti anasoma sekondari kwa njia mbadala, ile ya hatua mbili ambapo form one na two unazimaliza mwaka mmoja na three na four mwaka unaofuata, na hapo hapo anasoma ufundi, stadi za maisha na ujasiriamali. Na chuoni hapo hapo kuna chumba cha watoto chenye mlezi. Mama anaingia karakana, mtoto yuko hatua hamsini kutoka kwake, saa nne anatoka anamnyonyesha anarudi. Wanaotoka mbali wanalala bweni na watoto wao.

Ukikitazama hicho chumba utaona ni kitu kidogo, mikeka, midoli, vikombe vya uji. Ila mimi naamini ndo uwekezaji mkubwa kuliko mashine yoyote iliyowahi kuingia kwenye hivyo vyuo, na ngoja nieleze kwanini maana hapa ndo penye uchambuzi wenyewe.

Kawaida tukipima chuo tunahesabu wahitimu. Wameingia mia, wamemaliza themanini, wameajiriwa arobaini, basi. Hesabu hiyo inamuona binti peke yake. Lakini kwenye kisa hiki binti alipovuka geti wamevuka watu watatu. Wa kwanza ni yeye. Wa pili ni mtoto, ambaye sasa anakula uji kwa wakati, anacheza na wenzake, anaimbiwa, anaoneshwa rangi na maumbo na mtu aliyefundishwa malezi, wakati kijijini kwao darasa la awali angelianza na miaka mitano kama lingekuwepo la karibu. Wa tatu hatajwi popote, ni bibi. Yule mama wa miaka arobaini na kitu aliyekuwa amegeuzwa mlezi kwa lazima, sasa mikono yake imerudi, shamba limerudi, biashara yake ya sokoni imerudi. Hakuna ripoti ya chuo itakayoandika kwamba tumeongeza gunia mbili za mahindi kwa mama wa mshiriki wetu, lakini hizo gunia zipo, zinaliwa.

Na kuna kitu kingine cha kumhusu mtoto. Huyu anakua anamuona mama yake na daftari. Kuna wanaosema mambo haya hayapimiki, sawa, ila muulize mwalimu yeyote wa shule ya msingi ni mzazi yupi anakuja kikao, yupi anakagua madaftari, yupi anapigania binti yake asiolewe na miaka 15. Ni yule aliyewahi kukaa darasani akaona maana yake.

Sasa tuje kwenye hela, kwa sababu hapo ndo watu wa halmashauri wanaposikiliza.

Chukua umeme. Vijiji vingi vimefikiwa na mradi wa REA, wakala wa umeme vijijini, kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, bei ambayo watu wanajikakamua wanailipa. Lakini nguzo ikishafika nje ya nyumba, ndani nani anasuka nyaya? Unamtafuta fundi mjini, unamlipa nauli, unamlipa na chakula, anakuja siku anayotaka yeye, au unamtumia kijana wa kijijini aliyejifunza kwa kuangalia na nyumba inaungua. FDC inafundisha umeme wa majumbani. Binti akimaliza na cheti chake cha VETA cha level one au two anaweza kuanza kufuatilia leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na akawa fundi wa kata tatu. Ile hela ya ufundi iliyokuwa inapanda basi kwenda mjini inabaki pale pale, inanunua mchele duka la pale, inalipa bodaboda wa pale. Serikali imetumia fedha nyingi kuvuta nguzo, ila mwanga wenyewe unategemea mtu aliyesoma kwenye chuo ambacho bajeti yake ukiiangalia unasikitika.

Chukua sare za shule. Hii ni hesabu ya mfano tu nawapigia, shule moja ya msingi ina wanafunzi 600, kila mmoja anashona sare moja kwa mwaka kwa shilingi 20,000, hiyo ni milioni 12 kwa shule moja. Weka shule kumi za jirani ni milioni 120. Kama hakuna mafundi cherehani wa uhakika hiyo hela yote inakwenda kwa mfanyabiashara anayeleta sare zilizoshonwa mkoani. Kama kuna mabinti ishirini waliotoka FDC wanaojua kukata na kumaliza kazi vizuri, sehemu kubwa ya hela hiyo inazunguka ndani ya kata. Na chuo chenyewe ni mteja, jiko lake linanunua maharage, mahindi, mboga, kuni, kwa wakulima wanaokizunguka. Karakana za useremala kwenye hivi vyuo zimetengeneza madawati kwa shule za jirani, sauti ya randa ndo sauti niliyokuwa nasikia nikitoka shule utotoni na dawati nililokalia lilitoka kule.

Ukaribu ni nusu ya faida yote. Watu wa mjini hawaelewi hili. Mtu anakwambia si aende chuo cha mkoani, kuna mashine nzuri zaidi. Aende na nini? Nauli, kodi ya chumba, chakula, na mtoto mgongoni, na kule hana shangazi wala mama mdogo wa kumkimbilia usiku mtoto akipata homa. Halafu akimaliza mkoani anabaki mkoani, kijiji kimempoteza. Chuo kikiwa karibu binti anasoma akiwa bado ni mtoto wa watu wa pale, wanamfahamu, wateja wake wa kwanza ni majirani, anayempa oda ya kwanza ya gauni ni mwalimu wake wa zamani wa darasa la nne. Huo mtandao haununuliki.

Kuna na usalama ambao sijui niueleze vipi. Binti aliyefukuzwa shule na mtoto na hana kipato anakuwa rahisi kudanganywa na kila mwenye buku mbili. Ukimuweka chuoni na wenzake thelathini wenye hadithi kama yake, wanafundishwa haki zao, afya yao, uzazi wa mpango, wanacheza mpira hata, maana KTO wana programu ya soka la wasichana inaitwa Mpira Fursa, anarudi akiwa anaongea tofauti. Anajua dawati la jinsia polisi liko wapi. Anajua kusema hapana na kuisimamia. Mimba ya pili ya kulazimishwa na mazingira inasogea mbali, na hiyo pekee inaokoa hela za zahanati na maisha ya watu.

Ila nisipambe. Kisa hiki kina mahali pagumu na sisi tunaovitetea hivi vyuo tukipaficha tunavikosea.

La kwanza ni siku ya kuhitimu. Binti anatoka na cheti na ujuzi lakini hana cherehani. Ufundi bila kifaa unakufa ndani ya miezi sita, vidole vinasahau. Kuna mikopo ya halmashauri ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, iliyowekwa kwenye sheria 2018. Kwa karatasi ndo dawa kamili. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa matatizo ya usimamizi, ikarudi 2024. Inakopeshwa kwa vikundi, na hapa ndo nasema kila siku, chuo ndo kikundi! Mabinti watano waliosoma darasa moja la ushonaji, wanafahamiana tabia, wanajua nani mvivu nani mwaminifu, ni kikundi bora kuliko kile kinachoundwa na watu waliokutana ofisi ya mtendaji wiki ya mwisho ya kupeleka fomu. Afisa maendeleo ya jamii angefika chuoni miezi mitatu kabla ya mahafali, akawasajili pale pale, cheti na mkopo vingepishana kwa wiki chache tu. Ni kazi ya pikipiki moja na mtu mmoja mwenye nia.

La pili ni walimu na vifaa. Ukarabati ulifanyika kweli, kupitia mradi wa ESPJ, wa elimu na ujuzi kwa ajili ya ajira, kwa mkopo wa Benki ya Dunia majengo mengi ya FDC yalitengenezwa na kuongezwa, ukipita leo baadhi yake huamini macho. Lakini fundi mwalimu aliyebobea analipwa vizuri zaidi nje, na kifaa kikiharibika kinasubiri. Darasa la kompyuta lenye mashine chache na wanafunzi wengi bado ni jambo la kawaida.

La tatu ni kudhani kwamba FDC hazihitajiki tena. Novemba 24, 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, wanaruhusiwa kurudi kwenye shule rasmi, na mwaka uliofuata mwongozo ukatoka. Nilifurahi, nadhani wengi tulifurahi. Wengine wakadhani basi kazi ya FDC kwa mabinti hawa imeisha. Haijaisha hata kidogo. Kwanza kuna waliokosa ile miaka, sasa wana 23, 24, huwezi kumkalisha na mtoto wa 14. Pili utafiti ule ule wa kitaifa, wa 2022, bado umekuta asilimia 22 ya wa miaka 15 hadi 19 wameshaanza kuzaa, imepungua lakini ni wengi. Na tatu, shule ya sekondari imefungua geti ila haina chumba cha mtoto. Ruhusa imetoka, uji na mkeka havijatoka. Binti wetu mwenye mtoto wa miezi minane mgongoni akirudi sekondari ya kata leo swali lake ni lile lile.

Na hili linanifikisha kwenye kitu kinachonikosesha amani kuliko vyote. Chumba cha watoto kimeanzishwa kwa fedha za mradi, na mradi una mwisho. Majengo yatabaki, cherehani zitabaki, lakini mlezi ni mtu, anahitaji mshahara kila mwezi. Ukikosekana, chuo kitabaki wazi, kitaendelea kupokea maombi, kitatangaza kozi kama kawaida, na taratibu bila tangazo lolote wale mabinti watapungua, wiki ya tatu mmoja, mwezi wa pili watatu, na tutarudi kusema hawataki kusoma.

Walezi wawili kwa chuo kimoja, mara vyuo 54, ni watu mia na kitu kwa nchi nzima. Wilaya moja ni watu wawili. Kuna mabinti waliosoma malezi ya awali kwenye vyuo hivi hivi na wanatafuta kazi, kwa hiyo hata wa kuajiri hatuhitaji kumtoa mbali. Madiwani wetu wanakaa kupitisha bajeti ya halmashauri kila mwaka, wanapitisha mafuta ya magari, posho za vikao, mbio za mwenge. Mistari miwili ya mishahara ya walezi iingie humo, na diwani wa kata yenye chuo ndo awe wa kwanza kuisimamia, maana wapiga kura wake ndo wamebeba hao watoto.